Tripu ya njia ya misafara Bagamoyo: nzuri, ila muombe yule mzee

Kuna watu huwa wanauliza kama hizi tripu za Bagamoyo za kwenda na kurudi siku moja zinamfaa mbongo au ni za wazungu tu. Zinafaa, ila inategemea umepangiwa nani akutembeze. Kampuni siitaji maana nitawasema kidogo, ni hawa wanaobeba watu Dar asubuhi kwa hiace, elfu sabini kwa kichwa, msosi juu yako.

Nusu ya kwanza hapana. Kijana anaongea vizuri lakini kwake kila kitu ni minyororo, tumefika Caravan Serai, kile kituo cha zamani cha misafara ya bara, anatuambia kila aliyeingia hapa na mzigo begani alikuwa mtumwa, ikabidi nimkatishe. Watumwa walipita, tena wengi, hilo halina ubishi, ila wapagazi wa Kinyamwezi wengi wao walikuwa watu huru waliokuja kutafuta, wanalipwa vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga. Kijana akacheka, akatuswaga kwenye duka la vinyago, tukakaa humo weee mpaka watoto wakaanza kulia njaa.

Aliyeokoa siku ni mzee mmoja msaidizi wao, mtu wa Tabora, tulipompa shikamoo akaitikia halafu akatufundisha kusema mwangaluka. Huyu hakuanza na pwani, alianza na kijiji. Akaokota kijiti akachora mchangani mwaka mzima wa Unyamwezi, mvua huku kiangazi kule, akasema mtama ukishavunwa wanaume wanafunga mizigo wanashuka, karibu kilomita 800 kwa miguu, na mwenye akili anahesabu miezi ili mvua za Novemba zimkute nyumbani. Wakichelewa kupata msafara wa kurudi, walilima vishamba vya kuazima hukuhuku nje ya mji wa Bagamoyo. Mimi hilo sikuwahi kulisikia shuleni.

Halafu ikaja ile ya waliobaki. Jembe lote kwa wanawake, pori jipya la kufyeka linasubiri wenye nguvu warudi, na wale waliofanikiwa biashara ya pembe za ndovu walinunua ng'ombe wakawapa Watusi wawachungie, na wakanunua watumwa wa kulima badala yao. Yaani mpagazi huru anatembea kwenda pwani na shamba lake linalimwa na mtumwa. Mzee alilisema hivyohivyo bila kupamba, kundi zima kimya, na kwangu hela yangu ililipwa hapo.

Aligusia pia Wagogo waliotoza hongo, yaani ushuru wa kupita kwao, na kuuza maji njiani, na bunduki zilizopanda bara mpaka enzi za Mirambo, yule mtemi wa Kinyamwezi, watu wakajibana kwenye vijiji vikubwa vyenye maboma wakiogopa rugaruga, wale wapiganaji wa kukodi. Na magonjwa, ndui ilifuata njia zilezile za misafara, hata funza, walioshushwa Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, wakavuka bara lote kwenye vidole vya watu na miaka ya 1890 wakawa wameshafika pwani yetu. Watoto wangu hiyo ya funza ndiyo wanaisimulia mpaka leo.

Pia kuna mzigo wa kujaribu, nguo zimeviringishwa kwenye mkeka zikafungwa kamba, kilo kama 30. Niliunyanyua, kuuweka begani nikaweza, hatua kumi nikautua. Kamba inakata shingo kabla hata uzito haujakusumbua, na mzee anakwambia hapo bado hujaona pembe la ndovu.

Kasoro yao nyingine, reli wameipitia juujuu. Ilifika Tabora 1912 na ndiyo iliyoua hii kazi ya upagazi kwenye njia kuu, nilitaka kujua vile vijiji vya njiani vilivyokuwa vinaishi kwa kuuzia misafara unga na kuku viliishia wapi, lakini muda ulikuwa umeisha maana umeliwa na vinyago.

Mzee nyota tano, kampuni tatu. Ukibuku sema mapema unataka Kiswahili na unamtaka mzee wa Tabora, duka la vinyago mnaruhusiwa kulikataa, na bebeni maji yenu kwa sababu kwenye gari yanauzwa bei mara mbili.