TAHADHARI: Anayeuza "Tokai Love Rock la 1978" kwa bei ya kutupa, msimtumie hela

Wakuu, naandika huku gitaa lenyewe liko mezani limepasuliwa tumbo, pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zinaning'inia kwa nyaya zake. Limenitoka 1,600,000. Sitaji jina la muuzaji, kwanza sina uhakika kama lile alilonipa ni lake. Ila njia anayotumia naieleza yote, kwa sababu bado yuko kazini.

Mimi napiga solo kwenye bendi ya kumbi, Dar. Miaka yote natamani Gibson Les Paul, gitaa la Kimarekani, mfukoni sina. Wanaojua magitaa wanajua njia ya mkato: Mjapani. Mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, viwanda vya Japani vilitengeneza kopi za Les Paul na za Stratocaster ya Fender zilizofanana na za zamani kuliko hata zile Wamarekani wenyewe walizokuwa wakitoa wakati huo. Tokai wako Hamamatsu, mji mmoja na Yamaha. Greco nyingi zilitoka kiwanda cha Fujigen kule Matsumoto. Kulikuwa na Burny pia, na baadaye Orville. Haya si magitaa feki. Yana jina lake kichwani, pale nyuzi zinapokazwa, na heshima yake, na bei yake siku hizi si ya mchezo.

Basi kwenye kundi la wanamuziki akatokea jamaa: "Tokai Love Rock, 1978, limetoka Japani moja kwa moja, mwenyewe anahama." Picha sita, safi kabisa. Rangi ya asali inayoiva kuwa nyekundu pembeni, mistari ya mbao inacheza kama maji. Bei 1,600,000. Moyo ukaruka. Akili ilipaswa kuuliza kwa nini gitaa la namna hiyo liuzwe rahisi hivyo, lakini akili siku hiyo ilikuwa likizo.

Nikamwandikia. Akajibu kwa upole, "kaka" kila sentensi. Gitaa bado liko njiani, linakuja ndani ya gari, Noah ya mteja wake, meli inakaribia. Nitume nusu alishikilie, "maana kuna jamaa wa Arusha ananisumbua sana, kaka." Nikatuma 800,000 na ya kutolea. Wiki mbili baadaye akaniita Kariakoo saa moja na nusu jioni, kwenye korido ya ghorofa moja, umeme umekatika. Akafungua begi, nikamulika kwa simu, nikaona jina Tokai, nikaona Love Rock Model kwa herufi za dhahabu, nikampa iliyobaki. Hatukulichomeka popote. Nalijaribuje na umeme hakuna? Sasa hivi ndiyo najiuliza kwa nini sikumwambia tukutane kesho yake studio.

Nyumbani nikalichomeka. Nyuzi wazi zinakubali tyuni. Ukipanda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo), kila uzi una mawazo yake. Vidole vinakwaruzwa na ncha za freti kama unapapasa ukingo wa bati. Nikasema labda ni safari, labda ni unyevu. Mtu aliyeingizwa mjini hujitetea mwenyewe kabla hajamlaumu aliyemuingiza.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu. Huyu mzee haongei sana. Alilaza gitaa, akamulika kichwa kwa tochi kutoka pembeni, si kutoka juu, akaniita nisogee. Chini ya neno Tokai kulikuwa na kivuli cha herufi nyingine, na mikwaruzo ya msasa inayoelekea upande mmoja. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa nembo, ukakwama. Stika. Akageuza kichwa, akasoma namba ya kiwandani kwa sauti, tarakimu moja moja, akafika kumi. Tokai za miaka ile zina tarakimu saba, na ya kwanza ndiyo mwaka: gitaa la 1981 linaanza na 1, la 1984 linaanza na 4.

Halafu akatoa pikapu ya mbele. Ile mistari ya mbao iliyonitoa roho kwenye picha ilikuwa karatasi nyembamba. Pembeni ya tundu imenyanyuka, unaweza kuibandua kwa kucha kama lebo ya chupa. Chini yake, mbao za tabaka tabaka. Akafungua kifuniko cha nyuma: vile vidude vya sauti na toni vilikuwa vidogo kama vya redio ya mkulima, na waya wa ardhi umeshikiziwa kwa tone moja la risasi ya kulehemu lililopoa vibaya. Alilitikisa kidogo kwa bisibisi, likaachia. Akasema, "Hili ni Tokai kwa kuitwa tu," akaendelea na kazi ya mtu mwingine.

Kilichoniuma zaidi nilikijua siku ya tatu. Huyu jamaa alijinasa mwenyewe kwenye tangazo, mimi ndiye sikuwa na elimu ya kumkamata. Kopi za kwanza kabisa za Tokai, hizo za 1978, kichwani ziliandikwa Les Paul Reborn. Love Rock lilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 80. Kwa hiyo mtu akikwambia "Love Rock la 1978" na kichwani pameandikwa Love Rock, ama hajui anachouza ama anajua sana. Ukiwa na neno hilo moja unamaliza maongezi kabla hujauliza bei.

Na zile picha? Nilizipandisha mtandaoni kutafuta zilikotoka, kitu ambacho kinachukua dakika moja, na nilikifanya baada ya kulipa. Zilikuwa za duka la mitumba Japani, gitaa halali, lilishauzwa. Yeye alikata ukingo tu ili lebo ya bei ya yen isionekane. Nikaweka picha na gitaa langu ubavu kwa ubavu: kwenye picha kuna fundo dogo la mbao, kama punje ya dengu, kushoto kwa swichi. Langu halina. Mbao ni kama alama ya kidole, hakuna mbili zinazofanana. Ningemwomba picha moja tu, gitaa hilo na karatasi yenye tarehe ya leo kwa mkono, angekuwa ameshapotea. Na hakunitumia hata picha moja ya nyuma ya kichwa. Sita zote za mbele.

Kitu kingine alichonilisha ni hadithi ya "gitaa la kesi". Eti hizi kopi zilikuwa nzuri hadi Gibson wakaenda mahakamani kuzizuia, ndiyo maana zina thamani. Mtaisikia sana hii. Kesi ilikuwepo, ya 1977, ila Norlin, waliokuwa wenye Gibson, walimshtaki msambazaji wa Ibanez, chapa nyingine ya Kijapani, huko Marekani, na ugomvi ulikuwa umbo la kichwa cha gitaa. Wakaelewana nje ya mahakama 1978. Tokai hayumo, Greco hayumo. Mtu akikuongezea laki tatu kwa sababu ya kesi, anakuuzia hadithi.

Nisije nikawatisha mkaacha kununua Wajapani kabisa. Mimi bado nalitafuta, safari hii kwa macho. Ila si kila Mjapani ni dhahabu. Greco za Les Paul za mwanzo mwanzo wa miaka ya 70 kuna ambazo shingo imefungwa kwa skrubu na chini ya mbao ya juu pana uwazi. Hizo ni halali kabisa lakini si sawa na za 1980. Kwa bahati nzuri Greco anasomeka: kuanzia katikati ya miaka ya 70 namba inaanza na herufi ya mwezi, A Januari hadi L Desemba, halafu tarakimu mbili za mwaka. K79 ni Novemba 1979. Na namba ya modeli mara nyingi ndiyo iliyokuwa bei: Tokai LS-60 liliuzwa yen 60,000, Greco EG-700 yen 70,000. Muuzaji akikwambia ni daraja la juu, muulize modeli.

Kwa wa Stratocaster, jihadharini na JV. Fender Japan ilianza 1982, na magitaa ya mwanzo, hadi 1984 hivi, yana namba inayoanza na JV, yanatafutwa sana. Kwenye Stratocaster namba hiyo iko kwenye kibati cha nyuma, pale shingo inapofungwa. Kibati hicho kinashikwa na skrubu tu. Bisibisi moja na dakika tano, gitaa lolote linakuwa JV. Kwa hiyo kibati peke yake si kitu; omba shingo ifunguliwe uone mbao na mihuri ya ndani. Anayekataa, mwache.

Nilimpigia jamaa mara mbili. Ya kwanza alisema, "Kaka, gitaa la zamani lazima liwe na mambo yake." Ya pili namba haipatikani. Nimetoa taarifa polisi, nimepewa RB, tunaendelea.

Jana usiku mdau wa Mwanza kanitumia tangazo jipya: namba nyingine, jina lingine, bei imepanda hadi 1,900,000, na safari hii mwaka ni 1977. Picha ni zile zile sita. Vuta ile ya tatu, angalia kushoto kwa swichi. Punje ya dengu iko pale pale.