TAHADHARI: "Nano ya mati" inaharibu rangi ya pikipiki

Wakuu mnaoendesha pikipiki za rangi ya mati, ile isiyong'aa, hasa wenye Apache na Pulsar nyeusi na za kijivu: kuna jamaa anazunguka kwenye vijiwe na sehemu za kuoshea hapa Dar, na Instagram pia yupo. Anauza chupa ya kupuliza anayoiita "nano ya mati", shilingi 25,000. Ukimwongezea 15,000 anakupigia mashine ya kusugulia rangi, eti anatoa mikwaruzo. Msinunue, na hiyo mashine isiguse tangi lako.

Mimi ni fundi wa rangi, kwa hiyo pikipiki zilizopita kwake zinaishia kwangu. Tangi lina mabaka yanayong'aa, kava moja linameremeta na mwenzake limefifia, na mwenye pikipiki ananiuliza kama naweza kupiga msasa kidogo irudi kama zamani. Hairudi.

Mati haing'ai kwa sababu klia yake, lile tabaka la juu kabisa, ina unga maalumu unaoacha uso wenye vinundu vidogo mno ambavyo kwa macho huvioni. Mwanga ukipiga pale unatawanyika. Kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, na mashine kazi yake ni kulainisha uso. Kwenye rangi ya kawaida ndiyo faida yenyewe. Kwenye mati unasaga vile vinundu na vikishasagwa vimekwenda. Inabidi kupaka upya, na si kiraka tu: ni tangi zima au kava zima, maana maungio ya klia ya mati yanaonekana na huwezi kuyasugua yakapotea.

Sasa angalieni anavyowavuta watu. Anakuja pikipiki ikiwa imetoka kuoshwa, bado ina unyevu. Mati ikilowa huwa nyeusi na ya kuvutia yenyewe, hata kwa maji ya bomba. Anapuliza, anafuta, anakuonyesha ilivyokolea, anakupiga picha, "bosi, mzigo umetoka Dubai", unatoa hela. Chupa haina jina la mtengenezaji wala maelekezo. Nilizoletewa mimi zinateleza na kunuka kama dawa ya kung'arishia matairi, na sishangai, kwa sababu mafuta yale yanakaa kwenye vinundu, yanashika vumbi, na baada ya jua la siku chache tangi lina michirizi kama bakuli lililooshwa bila sabuni.

Muuzaji yeyote wa dawa ya mati mwambie apulize sehemu iliyofichika, mfano chini ya siti au upande wa ndani wa kava, iachwe ikauke hadi kesho, kisha uitazame juani kwa kuinamisha kichwa. Huyu wa kwetu ukimwambia hivyo anakumbuka ana mteja Mbagala.

Dawa halali za mati zipo, lakini haziahidi kung'arisha wala kufuta mikwaruzo. Mtu anayekuahidi mati "ing'ae" hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Kuosha kwenyewe hakuhitaji makuu. Injini ipoe, ukae kivulini, umwage maji mengi kwanza yaondoe mchanga, halafu shampuu ya magari isiyo na nta na kitambaa laini. Sabuni ya unga ni kali, iacheni kwa nguo. Vijana wa kuoshea waambieni mapema: hakuna brashi ngumu, hakuna mafuta ya taa kwenye bodi, na bomba la presha lisisogezwe karibu. Kinyesi cha ndege usikikwangue. Weka kitambaa chenye maji juu yake hadi kilainike. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza, ifute pale pale sheli kwa kugusagusa, kisha suuza.

Kama umeshapaka ile nano lakini mashine haijapita, bado una nafasi. Osha kwa shampuu mara kadhaa. Mafuta yakigoma, jaribu spiriti kidogo kwenye kitambaa laini, uanzie sehemu iliyofichika, bila kukandamiza. Tina na petroli hapana kabisa. Mashine ikiwa imeshapita, usilipe mtu mwingine "arekebishe" kwa polishi. Unaongeza eneo la kupaka.

Kuna waliolipia kwa simu mzigo usifike, na jina lililotokea kwenye lipa namba halifanani na la ukurasa wake wa Instagram. Hao watunze ujumbe wa muamala, wapigie mtandao wao mara moja, na namba iliyowatapeli waitume kwenda 15040, kisha waende polisi na picha za mazungumzo. Ukurasa wa kwanza ulishafutwa. Huu wa sasa una jina jingine na stika ya chupa imekuwa ya bluu badala ya nyekundu, ila picha za tangi ni zile zile za mwanzo, na ukizikuza utaona bado lina matone ya maji.