Benchi la kuficha chemba: zuri mno, ila huyu fundi sitaki hata kumsikia

Jamani nimekaa na hili tangu masika, leo naliandika. Kwetu hapa Dar chemba ya choo iko mbele ya baraza, mfuniko wa zege umekaa katikati ya majani na bomba la hewa limechomoza pembeni, mgeni akikaa tu macho yanaenda pale pale. Nikampata fundi mmoja Keko anitengenezee benchi lenye boksi chini lifunike kila kitu, mbao ya mninga, maana paini nje huku mchwa wanaimaliza.

Kazi ya mbao anaijua, hilo simnyimi. Maungio hupitishi hata ukucha, vanishi imetulia, majirani wote wameulizia. Siku analeta nilikuwa na furaha kwakweli.

Sasa nilimwambia tangu mwanzo, tena namwonyesha kwa mikono, kikalio kiwe na bawaba kifunguke kama sanduku, chemba lazima ifikike. "Sawa mama, nimekuelewa." Mvua zikaja, chemba ikajaa, choo kikaanza kurudisha maji, nikaita gari la majitaka, vijana wameshavuta mpira mpaka bustanini, nainua kikalio hakiinuki! Kakipiga gundi na skrubu, na vichwa vya skrubu kavizika kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, kapiga msasa, kapaka vanishi juu, yaani huoni hata pa kuweka bisibisi. Nampigia, ananijibu, "Mama si ulisema hutaki kionekane? Mimi nimeficha." Akakata simu. Mtu niliyemlipa mpaka shilingi ya mwisho!

Ikabidi wang'oe kwa tindo, kikalio kikapasuka. Alafu ndani ndio nikaona makubwa, lile bomba la hewa kalikata lienee kwenye boksi, wakati linatakiwa lipande juu lipeleke harufu mbali, na boksi lenyewe halina tundu hata moja. Kumbe ile harufu ya barazani ambayo siku zote tulikuwa tunasingizia mtaro ilikuwa inatoka chini ya makalio yetu wenyewe.

Nilitaka kusema msimpe kazi kabisa. Ila kwa kitanda au kabati mpeni tu, mkono anao. Hata boksi la kufichia mtungi wa gesi pale nje... hapana, hilo nafuta, gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, boksi lazima liwe na matundu chini na huyu matundu hayajui. Kitu chochote kinachopumua au kinachofunguliwa msimpe.

Bawaba kaja kuweka fundi mwingine, bomba nimeungia upya, yote kwa hela yangu. Nimemtumia meseji anirudishie gharama, kasoma, kimya. Na jana naona kaweka picha ya benchi langu status, kabla halijapasuka, anatafutia wateja. Aitoe ile picha, au aweke na ya tindo.