Eti mimi si mtumiaji

Kampuni ya mifumo ya kompyuta iliyotuhudumia sitaji jina lake. Bosi wako akiletewa vijana kutoka Dar wenye leptopu nyembamba na maneno mengi, utawatambua mwenyewe.

Mimi ni mwandishi mwendesha ofisi, yaani sekretari, hapa Mtwara, kwenye kampuni inayonunua korosho ghafi na kuzisafirisha India na Vietnam. Hao vijana walikuja kupanga mfumo wa taarifa wa mtandaoni kwa ajili ya wakurugenzi wetu watatu, ili popote walipo wafungue simu waone biashara imelalaje na imeamkaje. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyeona minada ya 2018 ikisimama na Serikali ikanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tangu hapo hagusi chai kabla hajaniuliza, "Mwanangu, mzigo wetu uko wapi?"

Swali fupi, jibu refu. Kwenye stakabadhi ghalani, yaani mazao kuuzwa kwa mnada yakiwa ghalani, ukishinda mnada hujapata korosho bado, umepata deni la kulipa. Ukilipa, mzigo bado umekaa ghalani: loti hii Tandahimba, ile Newala, nyingine Masasi. Kuna uliolipiwa haujatoka, kuna uliotoka uko njiani, kuna ulio bandarini unasubiri kontena. Yote hayo yamo kwenye kaunta buku yangu, kalamu ya bluu na nyekundu, na kwenye vinywa vya watunza ghala ninaowapigia kila siku saa moja asubuhi.

Sasa basi. Walijifungia na wakurugenzi siku mbili kwenye hoteli ya ufukweni kule Shangani, wanaita warsha. Siku ya tatu nikamkuta kiongozi wao koridoni, nikamwambia kwa adabu kabisa: kaka, kabla hujafunga ripoti yako pita mezani kwangu uone daftari hili, maswali ya mzee yote yamo humu. Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Dada, tunashukuru. Ila wewe si mtumiaji wa mfumo."

Si mtumiaji! Nimesomea uhazili Tabora, nina miaka 16 ofisi hiyohiyo, paswedi za mzee anazozisahau ninazikumbuka mimi. Miwani yake ikipotea, nani anamsomea? Huo mfumo angeufungua nani? Nilirudi mezani nikashindwa hata kugonga mhuri. Mchana ule sikula.

Ikafika siku ya kutuonyesha kazi. Projekta, pazia limefungwa, viashiria 38, yaani vipimo vya biashara, vimepangwa ukutani, rangi zinashindana kama doti za kanga dukani. Kulikuwa na mshale kama wa spidi ya gari unaoonyesha eti "afya ya kampuni". Kulikuwa na hesabu ya watu waliopenda picha zetu mtandaoni, wakati mnunuzi wa Vietnam picha zako hazimhusu, anataka unyevu na idadi ya punje kwa kilo. Mzee akavumilia mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana, Tandahimba tumebakiza tani ngapi?"

Kiduara kikaanza kuzunguka. Mtandao siku hiyo ulikuwa unasuasua. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, hata huko kwao Dar watu walikaa wakitazama skrini. Nilidhani aliyeyaona yale hawezi tena kupanga mfumo usioonyesha kitu intaneti ikiyumba. Kiduara kiliposimama kikaleta jibu: Tandahimba, tani 0. Kijana akasema data hazijaletwa na wahusika. Mzee akanigeukia. Nikafungua kaunta buku. Tani 212.

Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, Mungu anisamehe.

Usiku nikaingia mtandaoni kwa hasira kusoma mifumo hii hupangwaje. Kumbe mwaka 1979 John Rockart wa chuo cha MIT, Marekani, alishaandika kwamba uanze kwa kumhoji mkuu mwenyewe: ni mambo gani machache ambayo lazima yaende sawa ili biashara isimame? Taarifa zijengwe kuzunguka hayo. Machache, jamani. Na wetu ana moja, analitamka kila asubuhi kabla ya chai!

Lakini haki ya mtu nayo isemwe. Kwenye timu ile kulikuwa na binti mmoja, mdogo, asiye na maneno. Baada ya ile aibu wenzake waliondoka, yeye akabaki wiki nzima. Akavuta kiti mezani kwangu: "Shikamoo dada. Naomba unifundishe hilo daftari." Tulipitia ukurasa kwa ukurasa, katikati sahani ya ming'oko. Akatengeneza ukurasa mmoja tu: majina ya maghala, na mbele ya kila ghala kilichonunuliwa, kilicholipiwa, kilichotoka, kilichofika bandarini. Mwepesi, unafunguka hata kwa bando la jero, na mtandao ukikata zinabaki namba za mwisho pamoja na saa zilipoingizwa. Watunza ghala wanaingiza, mimi nahakiki. Jumapili moja mzee alinipigia yeye mwenyewe kuniambia Newala haijabadilika tangu Ijumaa, nimsukume mtunza ghala. Mzee! Aliyekuwa anashika simu kama ameshika nge!

Kwa hiyo ukiniuliza kama uwachukue, kwa ukurasa ule wachukue tu, ila omba uletewe binti.

Nilikuwa nimeishia hapo, ankara ikafika. Tumetozwa viashiria vyote 38, warsha ya siku mbili na tiketi ya ndege ya kiongozi. Kazi ya binti imewekwa mstari wa mwisho kabisa: "marekebisho madogo". Na nasikia mwenyewe ameshaacha kazi pale. Basi nafuta. Msiwachukue.

Juzi wamenitumia barua pepe yenye fomu ya maoni. Inaanza: "Ndugu mtumiaji wetu."