Uzoefu wangu na Hansadi ya Seneti ya Kenya: kusoma kura na kazi ya seneta wako

Kwa kumpima seneta, sijapata chombo kinachoishinda Hansadi ya Seneti, yaani rekodi rasmi ya mijadala yake. Haina malipo, iko wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya Bunge, na maneno yaliyosemwa ukumbini yamo. Ila ukiisoma harakaharaka itakupotosha, hasa ukiifungua kwa nia ya kuhesabu seneta fulani alizungumza mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo hupendwa na vichwa vya habari, lakini haionyeshi mengi. Jambo zito ni kura ya kaunti: je, ilipigwa, nani aliipiga, na kama haikupigwa, kukosekana kwake kulisababisha nini.

Kabla ya kufungua faili lolote, elewa jinsi kura yenyewe inavyopigwa, maana hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Seneti ina maseneta 67 pamoja na Spika, ambaye hana kura. Kati yao 47 wamechaguliwa, mmoja kwa kila kaunti. Waliobaki 20, wanaoitwa maseneta wateule, wameingia kwa orodha za vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Ibara ya 123 ya Katiba inasema maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja, na aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe huo. Jambo likihusu kaunti, kila ujumbe una kura moja tu. Kiongozi ndiye anayeipiga baada ya kushauriana na wenzake. Asipokuwepo, huipiga yule aliyemteua kushika nafasi yake.

Kwa hiyo ukikuta seneta mteule hana kura hata moja kwa kipindi kirefu, usimwandike kuwa mtoro. Huenda kiongozi wa ujumbe wake alikuwepo kila mara. Na ukiona jina la seneta mteule limeandikwa mbele ya jina la kaunti kwenye orodha ya kura, hapo ndipo penye habari: yule mliyemchagua hakuwepo, na ameacha mtu. Mimi humpa alama zaidi kiongozi wa aina hiyo kuliko yule aliyeondoka bila kumteua yeyote, kwa sababu kaunti yake haikukosa sauti.

Sababu ya kushikilia hili ni hesabu ya 24. Jambo linalohusu kaunti halipiti kwa wingi wa waliohudhuria. Linapita likiungwa mkono na wingi wa jumbe zote, yaani angalau 24 kati ya 47. Matokeo yake ni kwamba kutokuwepo, kujizuia na kupiga kura ya kupinga vyote vina uzito uleule. Chukua kura ya kumwondoa Mike Sonko katika ugavana wa Nairobi, Desemba 2020. Jumbe 27 ziliunga mkono, 16 zikapinga. Gazeti litakuambia tofauti ilikuwa 11. Kwa hesabu ya Seneti, kura zilizozidi kiwango zilikuwa tatu tu. Viongozi wanne wa upande wa kuunga mkono wangekaa nyumbani, hoja ingeanguka, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeonekana kwenye orodha ya waliopinga.

Sasa kazi yenyewe. Fungua ukurasa wa Seneti kwenye tovuti ya Bunge, uchukue Hansadi ya siku unayoitaka. Seneti hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na Jumatano mara nyingi huwa na vikao viwili, cha asubuhi na cha alasiri. Kila kikao kina faili lake. Usianze kusoma ukurasa wa kwanza. Tafuta ndani ya PDF neno "DIVISION", halafu "AYES" na "NOES". Vichwa hivi huandikwa kwa Kiingereza hata pale mjadala wote ulipoendeshwa kwa Kiswahili. Chini yake utapata majina, kila moja na kaunti yake, kisha tangazo la Spika lenye jumla ya waliounga mkono, waliopinga na waliojizuia. Nakili majina ya kaunti, ondoa kwenye orodha ya 47, na zinazobaki ndizo ambazo hazikupiga kura. Hansadi haikupi orodha ya wasiokuwepo. Ni wewe unayeitengeneza kwa kutoa.

Utashangaa ni mara ngapi sehemu ya waliopinga imeandikwa "Nil". Miswada mingi ya kaunti hupita bila mpinzani hata mmoja. Kura ya ndiyo katika hali hiyo haikuambii msimamo wa seneta, inakuambia tu kwamba alikuwepo. Kwa msimamo, tafuta kura zilizogawanyika: za kuwaondoa magavana na za mgao wa mapato. Mvutano wa mwaka 2020 juu ya fomula ya tatu ya kugawa fedha kati ya kaunti ni shule kamili. Kaunti zenye watu wengi zilitaka idadi ya watu ipewe uzito mkubwa, nazo kaunti kubwa zenye watu wachache, nyingi zikiwa kaskazini na pwani, zikaona zingepoteza mabilioni. Maseneta wa chama kimoja walisimama pande tofauti. Soma siku zote za mjadala huo hadi ulipokwisha Septemba, ulinganishe na ukubwa wa kaunti ya seneta wako, na utajua kama alisikiliza kaunti au kiranja wa chama.

Kuna kura ambapo kila seneta hupiga yake, akiwemo mteule. Hizi ndizo pekee unazoweza kulinganisha watu wote 67 kwa haki. Mfano ni mswada wa kubadilisha Katiba, kama ule wa BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa maridhiano) uliopitishwa na Seneti Mei 2021 kwa kura 51 dhidi ya 12, na baadaye ukasimamishwa na mahakama. Mwingine ni kumwondoa Rais au Naibu wake, kunakohitaji theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45. Oktoba 2024, katika kesi ya Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu wa Rais, mashtaka yalikuwa 11 na kila moja lilipigiwa kura peke yake. Seneti ilithibitisha matano. Usiridhike na jibu la kwamba seneta wako alimwondoa au alimtetea. Pitia kura zake zote 11. Aliyesema ndiyo kwa baadhi na hapana kwa mengine amekuonyesha kwamba alipima ushahidi wa kila shtaka. Aliyepiga mstari mmoja kutoka la kwanza hadi la mwisho, mfuate kwenye hotuba yake uone kama ana sababu zinazolingana.

Penye giza ni kura ya sauti. Mambo mengi huamuliwa kwa Spika kuuliza, wanaokubali wakaitikia, wasiokubali wakaitikia, na yeye akatangaza upande ulioshinda. Hakuna jina hata moja linaloandikwa. Rekodi ya video kwenye matangazo ya Bunge haisaidii sana, kamera huwa kwa Spika. Kwa hoja za aina hiyo, kilichobaki cha kumshika nacho seneta ni hotuba yake tu. Kama hakuhutubia, hana rekodi juu ya jambo hilo, na ni haki kuandika hivyo badala ya kubuni.

Dalili nyingine hupitwa na wasomaji wengi. Mwisho wa mjadala wa mswada wa kaunti, mara nyingi aliyeuleta husimama na kuomba Spika aahirishe kuuliza swali, yaani kupigisha kura, hadi siku nyingine. Maelezo yanaweza kuwa ya adabu kabisa. Sababu ya kawaida ni kwamba jumbe 24 hazimo ukumbini, na wakipiga kura mswada utaanguka. Akidi ya kuendesha kikao ni 15 tu, kwa hiyo mjadala unaweza kwenda vizuri siku nzima huku kura ikiwa haiwezekani. Mswada uleule ukiahirishwa wiki baada ya wiki, tatizo liko kwa viongozi wa jumbe wasiofika, na hapo orodha yako ya kutoa majina inakuwa na thamani kubwa. Ninalichukulia kama kosa zito. Watu wa kaunti wamepewa kura moja tu katika jumba hilo.

Kuhusu kuhesabu hotuba. Ripoti ya kila mwaka ya Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi ya Bunge, ni kazi ya maana, inaonyesha haraka nani alinyamaza mwaka mzima, na mimi huanza nayo ili kujua pa kuchimba. Lakini imejengwa juu ya michango ya ukumbini, na idadi ya michango haikuambii ubora wake. Ukihesabu mwenyewe, jihadhari na haya. Seneta anayekaimu kiti huandikwa kama Spika wa Muda na jina lake kwenye mabano, na kila anapompa mwenzake nafasi ya kuzungumza jina lake linajitokeza. Utafutaji wa jina utakuletea mamia, na mengi si hoja zake. Kiongozi wa wengi huandikwa kwa cheo kwanza, jina baadaye. Tafuta jina la ukoo peke yake, bila "Sen." wala "Dkt.", kwa kuwa vyeo huandikwa kwa namna tofauti. Jina lenye kibainishi kama Kajwang' litafute bila alama hiyo ya mwisho, la sivyo programu inaweza isilione. Hoja za nidhamu, salamu kwa wanafunzi waliotembelea Bunge na rambirambi ziweke kando, usizichanganye na mchango kwenye mswada.

Na tafuta kwa lugha mbili. Hansadi huchapa hotuba kwa lugha iliyotumika, bila tafsiri. Ukiandika "health" peke yake utawakosa kabisa maseneta wanaopenda Kiswahili, kama Faki wa Mombasa, na utawaona kama hawajawahi kutaja hospitali. Andika "afya" pia. Vivyo hivyo "ugatuzi", "mgao", "gavana".

Miswada isomwe kwa hatua, si kwa idadi. Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa kwa jina la mswada tu kabla ya kupelekwa kwa kamati. Yeyote anaweza kuwa na mitano ya namna hiyo. Angalia kwenye orodha ya ufuatiliaji wa miswada ikiwa umesomwa mara ya pili, umepita kamati ya Seneti nzima, umesomwa mara ya tatu, na umefika Bunge la Kitaifa. Mingi hukwama hapo. Ibara ya 109 inaruhusu mswada wa fedha uanzie Bunge la Kitaifa pekee, na mabishano kama mswada fulani ni wa fedha yameua kazi nzuri ya maseneta wengi. Bunge likimaliza muhula, miswada isiyokamilika hufa. Seneta aliyejua hilo akaandika mswada wake bila kuunda hazina au ofisi mpya anastahili sifa kuliko mwenye orodha ndefu.

Kazi kubwa kuliko zote hufanyika kwenye kamati, na Hansadi ya ukumbini haiigusi. Kamati ya Hesabu za Umma za Kaunti huwaita magavana kujibu ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo utamjua seneta aliyesoma na asiyesoma. Chukua ripoti ya kamati, uende moja kwa moja kwenye viambatisho. Kwa kawaida kuna kumbukumbu za vikao zenye orodha ya waliokuwepo na waliotoa udhuru. Huo ndio ushahidi wa mahudhurio ulio wazi kuliko wowote utakaoupata. Kama ripoti haina kumbukumbu hizo, andika kwa Karani wa Seneti ukitaja Ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, utaje kamati na tarehe za vikao unavyovitaka. Sheria inataka upewe jibu ndani ya siku 21. Omba tarehe mahususi. Ombi la "mahudhurio yote ya seneta fulani" ni rahisi kukataliwa au kujibiwa nusu.