Ndoo ya kuchachulia ya lita 25: nzuri, ila kidude chake cha hewa hakiliwezi joto la Pemba

Mie natengeneza siki ya nanasi hapa Chake Chake kwa ajili ya achari zangu za embe na ndimu, na ndoo hii ndiyo iliyoniepusha na madumu. Naipa nyota nne. Plastiki yake nzito, haishiki harufu, kifuniko kinabana sawasawa na bomba la chini halivuji hata tone. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya kile kidude cha kutolea hewa kilichochomekwa juu ya kifuniko.

Ndoo za namna hii hununuliwa sana na Wazungu wanaopika bia majumbani, na hamira zao nyingi za bia hupendelea joto la nyuzi 18 hadi 22. Kwetu wakati wa kaskazi chumbani ni 30 na kupanda, na juisi ikishaanza kuchachuka inajiongezea joto lake yenyewe. Hapo hamira inapandwa na wazimu. Povu la kahawia lilipanda na nyuzinyuzi za nanasi, likaingia kwenye kidude, ambacho tundu lake halizidi unene wa njiti ya kiberiti, likaziba. Kifuniko kikavimba katikati kama chapati juu ya chuma. Nilipokilegeza upande mmoja, povu lilinirukia mpaka kwenye kanga.

Si jambo la kupuuza. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa zaidi ya lita 200 za hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo isipopata njia, kifuniko kitafyatuka, na makapi utayakwangua darini.

Sasa siku za mwanzo nakitoa kile kidude kabisa. Fundi alinitanulia tundu, nikatia mpira wa maji, ule wa kuonesha ndani unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mnene kama kidole. Ncha ya pili naizamisha kwenye jagi la maji. Povu linatoka zake, hewa inabubujika, nzi hawaingii. Vurugu ikishatulia narudisha kidude, na hapo kinafanya kazi vizuri tu.

Karatasi ya maelezo inasema ujaze mpaka alama ya lita 23. Kwa matunda usithubutu! Mie naishia 17, na juisi naichuja kwanza kwa shashi, maana makapi ndiyo yanayopanda na kuziba. Hamira kijiko cha chai kisichojaa kinatosha. Ndoo naiweka ndani ya beseni la maji, naizungushia taulo bichi, na umeme ukiwepo nawasha feni. Siki iliyochachuka taratibu harufu yake ya nanasi inabaki. Ile ya joto kali inakuja na ukali unaochoma pua.

Kwa hatua ya pili, juisi ikishageuka kileo, kifuniko hakina kazi. Bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki wanataka hewa, kwa hiyo nafunika kwa kitambaa na kukifunga kwa uzi. Na kabla ya kutia chupani hakikisha hakuna tena mapovu, kwani chupa iliyozibwa ikiwa na sukari na hamira hai hupasuka. Muuzaji angeweka mpira ule pamoja na ndoo, hata kwa bei ya juu kidogo, ningenunua nyingine leo.