Rangi za nazi: keki ya K'Ogalo iliyotaka kugeuka ya Ingwe

Mimi huoka nyumbani, hapa Migosi, Kisumu, na oda nyingi huniingia Ijumaa usiku, watu wanapokumbuka ghafla kwamba wana sherehe. Ijumaa iliyopita mteja wangu wa siku nyingi alinipigia simu: "Mama Keki, jaduong' (mzee) wangu anatimiza miaka 60 Jumapili. Nataka uwanja wa mpira, nyasi kijani kibichi, na uandike K'Ogalo kwa nyeupe." K'Ogalo ni Gor Mahia, timu ya mpira ya kijani na nyeupe. Nikamwambia, hiyo nimeipata, mama.

Nyasi za keki mimi hutengeneza kwa nazi kavu ya pakiti iliyotiwa rangi. Nyasi za krimu ya siagi ni nzuri kwenye picha, lakini joto letu la saa nane mchana huzilaza zote chini. Nazi haijali joto, wala haijali boda akipita kwenye matuta ya kwenda Dunga. Nazi mbichi ya kukuna kwa mbuzi siitumii kwa kazi hii, maana ina maji mengi na kwa hali ya hewa ya huku inaweza kuchacha kabla mwenye siku yake hajakata keki.

Basi, rangi. Ile yangu ya jeli ilikuwa imekauka kwenye kichupa, nikakimbia mjini Jumamosi asubuhi. Duka silitaji, kwa sababu nusu ya kosa ni langu. Kijana wa kaunta akaniambia, "Mathe, ya jeli imeisha. Chukua hii ya unga, ni ile ile tu. Unanyunyiza, unachanganya." Kikopo kidogo, shilingi 120. Nikaona nimeokoa pesa.

Nyumbani nikatia gramu 100 za nazi kwenye chupa tupu ya siagi ya njugu. (Mafundi wa nje wanapenda kufanya kazi hii kwenye mfuko wa plastiki, kwangu mifuko iliisha tangu marufuku ya Agosti 2017, na chupa ya mdomo mpana ni bora zaidi kwa sababu haitoboki.) Nikarashia maji kidogo, nikanyunyiza unga wa kijani nilivyoelekezwa, nikafunga, nikatikisa mpaka mkono ukauma. Kufungua, naona madoadoa. Punje hii bluu, ile ya pili manjano, ya tatu nyeupe pe kama haijaguswa. Ukiitazama kutoka mlangoni, bluu ndiyo iliyoshinda. Mume wangu kwao ni Kakamega na moyo wake uko Ingwe, yaani AFC Leopards, mahasimu wa K'Ogalo wanaovaa bluu, tangu utotoni. Akachungulia bakulini, akatabasamu, akasema, "Leo umekumbuka timu ya nyumbani."

Nilivaa miwani nikasoma maandishi ya kikopo, jambo ambalo ningefanya dukani. Rangi zilizoandikwa ni mbili: E102 na E133. Ya kwanza ni tartrazini, ambayo ni manjano. Ya pili ni bluu. Kumbe kijani cha mle ndani ni unga wa manjano na unga wa bluu uliochanganywa mkavu. Ukiunyunyiza, kila chembe inatua pake na kuyeyuka peke yake. Kijani kinapatikana zikikutana majini kwanza.

Nikaanza upya na nazi nyingine. Safari hii nilichota unga kwa ncha ya kisu, nikaukoroga ndani ya kijiko kimoja cha chai cha maji ya vuguvugu mpaka chembe zikaisha, ndipo nikamimina na kutikisa. Ikakubali, punje zote sawa. Shida iliyobaki ni kwamba kijani chenyewe ni kikali mno, kama kalamu ya watoto wa chekechea. Niligawa nazi mafungu mawili, moja nikalizidishia manjano, kisha nikayachanganya. Nyasi za kweli hazina rangi moja. Nenda uwanjani Moi ukaangalie.

Kwa hiyo rangi ya unga naipa alama za wastani. Kwa nyekundu au manjano ya aina moja ningeinunua tena bila kusita, ila bado ningeiyeyusha kwanza. Kwa kijani au zambarau, usimsikilize anayekwambia unyunyize. Na ile inayopimwa na kufungwa kwenye vikaratasi visivyo na jina wala alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, mimi sigusi hata nikipewa bure.

Ya maji, ile ya vichupa vya shilingi 80, ninayo siku zote. Inafaa kwa waridi hafifu ya sherehe za watoto wachanga: matone matatu na kazi imekwisha. Ukitaka kijani cha kushiba utamaliza nusu ya kichupa, nazi italowa, itashikana mabonge, na utatumia jioni nzima kuyavunja kwa uma.

Jeli ndiyo ninayoirudia. Bei yake inauma, mimi huinunua kwa shilingi 300, lakini kichupa kilichokauka nilikinunua kabla ya Krismasi na kimenifanyia keki nyingi. Unachovya ncha ya kijiti cha meno, unaikoroga kwenye nusu kijiko cha chai cha maji, unatikisa na nazi. Ukiiweka nzito bila maji itang'ang'ania punje chache na kuziacha nyingine. Kilichoniudhi ni kifuniko tu: hakifungi vizuri, ndiyo maana ikakauka.

Bitiruti na bizari nimejaribu. Bitiruti inatoa waridi ya kupendeza inayofifia, na bizari inanukia pilau. Basi.

Jambo ambalo hakuna kikopo kinachoandika ni kukausha. Nazi iliyotiwa rangi ukiiweka mbichi juu ya keki, itachafua kila cheupe kilicho jirani. Niliitandaza kwenye sinia, nikaifunika kawa kwa ajili ya nzi, nikaiacha karibu na dirisha mpaka ikawa inachuruzika vidoleni kama mchanga. Nilikuwa na haraka, fungu la mwisho halikukauka sawasawa, na herufi O ya K'Ogalo ikaota ukingo wa kijani. Mteja alidhani ni urembo. Sikumsahihisha.

Ile nazi ya madoadoa niliipikia kashata. Watoto wa ploti walizimaliza kabla hazijapoa, na jioni jirani yangu akaja kugonga mlango, kamshika mwanawe mkono: "Mama Keki, hebu mwangalie huyu ulimi, ni ugonjwa?"